Kuhemea, Kuomba na Kulazwa Njaa: Lugha, Kumbukumbu ya Mtunya na Dhima ya Watawala



Katika mhadhara huu ninakusudia kuzungumzia njaa iliyoikumba Ugogo na nchi jirani kati ya mwaka 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Mimi ni mwanaisimu, na swali nililokuja nalo ni la mwanaisimu: lugha tunazozungumza zinasema nini juu ya aliyehusika na njaa hiyo? Madai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya jibu imehifadhiwa katika tofauti iliyopo kati ya vitenzi viwili, kuhemea na kuomba. Aidha, nitadai kwamba Kiswahili kina usemi wa tatu, kulaza njaa, unaotuwezesha kuizungumzia dhima ya watawala bila kulazimika kwanza kuthibitisha kwamba walikusudia kuua.

Huenda wapo watakaouliza kwa nini mhadhara juu ya njaa ya Ugogo usomwe Chemba, ambako wenyeji wengi ni Wasandawe, Warangi na Waburunge, na Wagogo ni sehemu tu ya watu. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vita vilivyoizaa njaa hiyo vilipita hapa. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 2012 kutokana na Kondoa. Kwa hiyo mwanafunzi atakayeitafuta Chemba katika majalada ya Wajerumani au ya Waingereza hataikuta kwa jina hilo, bali atakuta Kondoa-Irangi. Na jina la Kondoa-Irangi limejaa katika kumbukumbu za vita vya mwaka 1916. Mwezi Aprili mwaka huo jeshi la Jenerali van Deventer, lenye askari wengi kutoka Afrika Kusini, liliingia Kondoa likitokea Arusha. Mwezi Mei von Lettow-Vorbeck alilishambulia akashindwa kuliondoa. Na mwezi Julai lilishuka kusini na kuitwaa Dodoma. Masika yalikuwa yameiharibu njia ya nyuma, na chakula cha jeshi hakikuweza kufika kwa kiasi kilichohitajika. Jeshi lisilofikiwa na chakula chake hula cha wenyeji. Sababu ya pili inahusu Kisandawe, na nitaieleza baadaye.

Njaa yenyewe

Nchi ya kati ina msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hivi kwa mwaka. Mvua hizo huweza kukatika mwezi Januari au Februari, wakati mtama na uwele havijashika. Kwa hiyo ukame si mgeni Ugogo. Watu walioishi hapo kwa karne nyingi waliujua, wakaupangia maisha yao. Mtu anayesema kwamba Wagogo walikufa kwa sababu mvua haikunyesha anapaswa kueleza kwa nini hawakufa kwa wingi kama huo kila mvua ilipokosekana.

Tangu mwaka 1914 Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume kwa ajili ya vita. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita katikati ya Ugogo, na jambo hilo lilifanya uchukuaji uwe mwepesi zaidi kuliko katika nchi zilizo mbali na njia. Waingereza walipoingia mwaka 1916 walichukua tena, kwa mahitaji yaleyale: nyama, nafaka na wapagazi. Kisha mvua zikawa haba. Kisha, mwaka 1918, ukaja ugonjwa wa mafua ulioizunguka dunia nzima, ukawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Makadirio yanayokubaliwa na wanahistoria, hasa Gregory Maddox ambaye ndiye aliyeichunguza njaa hii kwa undani, ni kwamba walikufa watu 30,000 katika jamii ya watu 150,000. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Kuhusu wapagazi nitasema kidogo tu, kwa kuwa lugha imewakumbuka kwa namna ya ajabu. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichukua mamia ya maelfu ya watu wa Afrika Mashariki, na waliokufa hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza lilitamkwa na Waswahili kuwa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu hushuka Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vitenge na simu, na ni wachache mno wanaojua kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa wakiwa na mizigo kichwani. Neno limebaki na maana imeondoka.

Kuhemea

Sasa nije kwenye kitenzi changu cha kwanza. Kamusi zetu hulieleza neno hemea kuwa ni kwenda kutafuta au kununua chakula. Katika Kigogo neno hilo lina uzito zaidi, na mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeandika juu ya ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo mwaka 1969, alilitambua kuwa ni jina la taratibu maalumu. Mwaka wa upungufu, mkuu wa kaya hutoka kwenda kwa ndugu, wakwe, marafiki au hata watu wa kabila jingine ambako mvua ilinyesha vizuri. Huenda na mbuzi au ng'ombe, au huenda na udugu wake ambao ulikwisha kulipiwa kwa ng'ombe wakati wa ndoa. Hurudi na nafaka. Mwaka mwingine yule aliyempa naye atakuja. Anayehemea hadhaliliki, anatembea katika njia ambayo baba yake aliipita, na anajua nyumba atakayolala.

Tazameni mahali ng'ombe alipo katika mpango huo. Wageni wengi waliopita Ugogo waliandika kwamba Wagogo wanapenda ng'ombe kupita kiasi, kana kwamba ni ugonjwa. Hawakuona kwamba katika nchi ambayo ghala la nafaka haliaminiki, zizi ndilo ghala. Nafaka huliwa na fukusi, huoza, na mvua ikikosekana haipatikani kabisa. Ng'ombe hutembea, huzaa, na hubadilishwa kwa mtama wa mtu aliye mbali. Kumnyang'anya Mgogo ng'ombe mwaka wa mvua nzuri hakumuui mtu siku hiyo. Humuua baada ya miaka miwili, ukame unapokuja na kulikuta zizi tupu. Kwa sababu hiyo ni rahisi sana kwa mnyang'anyi kusema kwamba aliyeua ni ukame.

Mchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa, alionyesha kwamba watu hufa njaa pale wanapopoteza uwezo wa kukipata chakula, hata kama chakula chenyewe kipo sokoni au katika wilaya ya pili. Ninamheshimu sana Sen. Hata hivyo, nadhani mzee wa Kigogo asiyejua kusoma angemwambia: bwana, hicho ndicho tunachokiita kushindwa kuhemea.

Na anayeshindwa kuhemea hufanya nini? Huomba. Hapa ndipo penye kidonda. Ninyi nyote mmekwisha kusikia utani unaomhusisha Mgogo na ombaomba wa mijini. Tunacheka, na utani kati ya makabila ni mila yetu ya amani. Sina nia ya kuuondoa. Lakini kama mwanaisimu naona kwamba jina hilo la mzaha limefanya kazi moja mbaya: limeifanya hali iliyoletwa na historia ionekane kuwa ni tabia ya watu. Kuhemea ni kitenzi cha mtu mwenye mali na mtandao wa jamaa. Kuomba ni kitenzi cha aliyevuliwa vyote viwili. Sisemi kwamba kila anayenyoosha mkono barabarani leo anafanya hivyo kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nasema tu kwamba kabla ya kulicheka neno la pili, tujiulize ni nani aliyelifuta la kwanza.

Jina Mtunya

Jina la njaa hutolewa na walionusurika, na ndani yake huweka walichokiona kuwa kikubwa. Wakamba waliiita ile ya mwisho wa karne ya 19 Ngomanisye, iliyofika kila mahali. Wakikuyu waliipa njaa ya mwaka 1943 jina la muhogo, chakula walichokipata wakati huo. Mtunya hufasiriwa kuwa ni kinyang'anyiro, kugombania. Ni jina linaloumiza, maana linaonyesha watu wakigombania kidogo kilichobaki, jirani na jirani, pengine ndugu na ndugu.

Lakini lichunguzeni kisarufi. Kinyang'anyiro ni nomino isiyo na mtenda wala mtendwa. Kunyang'anyana kuna kiambishi cha kutendana, na kiambishi hicho huwagawia wote lawama kwa usawa. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe na serikali mbili, kisha akamnyang'anya jirani kibaba cha uwele, anaingia katika jina hilo pamoja na serikali hizo, na serikali hazionekani. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika vitabu vyetu vya historia neno hilohilo, kinyang'anyiro, ndilo tunalolitumia kwa mataifa ya Ulaya yalipoligawana bara hili. Sijui kama kuna neno jingine la Kiswahili linalofaa zaidi kuunganisha mwaka 1884 na mwaka 1917.

Hali kadhalika, sikilizeni tunavyosema kwa kawaida: njaa iliingia, njaa ilipiga, watu walikufa njaa. Katika muundo wa kufa njaa, nomino hukaa baada ya kitenzi bila kihusishi, kama katika kufa maji na kufa kiu. Muundo huo hautoi nafasi ya mtenda. Ng'ombe nao walichukuliwa. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtenda, lakini haimlazimishi kutajwa, na katika simulizi nyingi hatajwi. Vinginevyo husemwa walichukuliwa vitani, kana kwamba vita vina mikono.

Waayalandi na lugha yao

Ili tuone kwamba tatizo hili si letu peke yetu, na kwamba kuna waliolishughulikia, naomba niende Ayalandi. Nachagua nchi hiyo kwa kuwa ilitawaliwa na Waingereza haohao, na kwa kuwa waliokufa huko wengi wao walizungumza lugha isiyokuwa ya watawala.

Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa mimea uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Walikufa watu wapatao milioni moja, mtu mmoja katika kila wanane hivi, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Kwa sababu hiyo wapo Waayalandi wasiokubali neno la Kiingereza linaloashiria uhaba wa chakula. Husisitiza neno linaloashiria kushindishwa na njaa katika nchi yenye chakula. Kwa Kiayalandi huitwa An Gorta Mór, Njaa Kuu, na pia An Drochshaol, maisha mabaya.

Mjadala wa dhima huko umedumu zaidi ya karne moja na nusu. Upande mmoja husema serikali ya London ilikusudia kuwamaliza. Upande mwingine husema ilikuwa serikali ya zama zake, iliyoamini soko huria na isiyojua la kufanya. Ukweli wa matendo ni huu: majira ya joto ya mwaka 1847 majiko ya supu yalilisha watu wapatao milioni tatu kwa siku, jambo linalothibitisha kwamba uwezo ulikuwapo, kisha majiko hayo yakafungwa na mzigo ukatupiwa kodi za Ayalandi yenyewe. Sheria ya mwaka huohuo ilimnyima msaada mwenye zaidi ya robo eka ya ardhi mpaka aiachie. Charles Trevelyan, aliyesimamia matumizi katika Hazina, aliona mkono wa Mungu katika maafa hayo, akaandika hivyo, na mwaka 1848 akapewa cheo cha heshima. Mwaka 1997 ulisomwa nchini Ayalandi ujumbe uliotolewa kwa jina la Waziri Mkuu Tony Blair, uliokiri kwamba waliotawala kutoka London wakati ule waliwaangusha watu wao.

Nao wana maneno yao ya aibu. Mtu aliyedaiwa kubadili dhehebu ili apate chakula cha wamisionari alisemwa kuwa amekula supu, na tusi hilo likawafuata watoto na wajukuu wake. Ni kama ombaomba kwetu: anayetukanwa ni aliyekuwa na njaa, na aliyeishika sufuria hatajwi.

Kinachonivutia zaidi ni walichokifanya baadaye. Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi iliundwa mwaka 1935. Mwaka 1937 na 1938 watoto wa shule za msingi walitumwa kwa wazee wa vijiji vyao kuandika simulizi, na mwaka 1945, miaka 100 baada ya viazi kuoza, Tume ilituma hojaji maalumu juu ya njaa. Majibu yake yameonyesha jambo ambalo mtafiti wa Ugogo atalitambua mara moja: wasimulizi wengi walisema njaa ilikuwa kali zaidi katika kijiji cha pili. Ni wachache waliosema, bibi yangu alikufa katika nyumba ya maskini.

Lawama, hatia na dhima

Mheshimiwa Mwenyekiti, nadhani mjadala wa Waayalandi umekwama mara nyingi kwa sababu pande zote mbili zimekubali kwamba pasipo nia hapana kosa. Kiswahili hakitulazimishi kukubali hivyo. Lawama ni neno la hisia. Kila mtu huweza kumlaumu mwenzake. Hatia huhitaji sheria, na mara nyingi nia. Dhima ni kitu kingine. Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya amana inayomkalia mtu shingoni, na hadi leo mtu mwenye dhima ya watoto hasalimiki kwa kusema kwamba hakukusudia.

Ushahidi wangu ni usemi wa nyumbani kabisa. Mama mmoja anapokwenda kumshtaki mumewe kwa wazee, husema: amewalaza watoto njaa. Kitenzi ni cha kusababisha, kutokana na kulala. Kina mtenda, naye ni baba. Hakuna mzee atakayeuliza kama baba alikusudia watoto walale njaa. Huulizwa mengine: fedha zilikuwa wapi? Ulizipeleka wapi? Ulijua watoto hawajala? Baba akijibu kwamba mwaka huu mvua ilikuwa mbaya, ataambiwa kwamba ng'ombe aliyemuuza kabla ya mvua hakuuzwa na mvua.

Tuwaulize watawala maswali hayo ya baraza. Ng'ombe walikwenda wapi? Walikwenda jeshini, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Walijua? Watumishi wao walikaa Dodoma, reli ilipita hapo, na vifo vyenyewe tunavihesabu hadi leo kwa makadirio yaliyotokana na kumbukumbu za utawala. Wangeweza kujitetea kwamba palikuwa na vita, na utetezi huo una uzito wake; meli zilikuwa chache, na mwaka 1917 von Lettow-Vorbeck alikuwa bado anapigana kusini. Lakini alisalimu amri Novemba 1918, na watu waliendelea kufa hadi mwaka 1920. Isitoshe, kila mtawala alikuwa na mwenzake wa kumsingizia. Mjerumani alikwisha kuondoka, hawezi kuulizwa. Mwingereza alikuwa mshika zamu tu: nchi ilikuwa bado ni milki ya adui iliyotekwa, jina la Tanganyika likarasmishwa mwaka 1920, na udhamini wa Shirikisho la Mataifa ukaanza mwaka 1922. Wagogo walikufa katika kipindi ambacho nchi yao haikuwa na mwenyewe anayekubali kuitwa mwenyewe. Kwangu mimi hilo haliipunguzi dhima. Linaonyesha tu kwamba wadaiwa ni wawili.

Kwa hiyo nasema: serikali za Kijerumani na Kiingereza ziliwalaza Wagogo njaa. Sisemi kwamba ziliazimia kuwaua, kwa kuwa sijaona ushahidi wa hilo, na mwanataaluma hana ruhusa ya kutia chumvi hata pale anapokuwa na uchungu. Mwaka 1971, ilipofanyika Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu katika vijiji, watawala walikuwa ni sisi wenyewe. Anayetaka kukitumia kitenzi changu kuikagua miaka iliyofuata anayo haki hiyo. Sarufi haiulizi rangi ya mtenda.

Yaliyobaki kukusanywa

Mathias Mnyampala, mshairi na mwanzilishi wa ngonjera kama tunavyozijua, alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, njaa hiyo ilipokuwa inaanza. Mwaka 1954 alichapisha kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa mtoto wa Mtunya aliyeiandikia nchi yake kwa lugha ya taifa, na inasikitisha kwamba wanafunzi wetu humjua kwa mizani na vina tu. Aliyezaliwa mwaka huo na kuwa hai leo angekuwa amepita miaka 100. Mashahidi wamekwisha. Wamebaki waliosimuliwa na mashahidi, nao wengi wana miaka 70 au 80.

Hapa narudi kwenye ile sababu ya pili ya kuja Chemba. Wasandawe wa Kwamtoro na Farkwa walikuwa wawindaji na wachumaji kabla ya kulima, na wamehifadhi ujuzi wa mizizi, matunda ya porini na asali ambao mkulima wa mtama hana. Katika njaa, mtu wa aina hiyo ndiye anayehemewa. Simulizi zake zinaweza kutuonyesha Mtunya kutoka upande wa mlango uliobishwa hodi: nani alikuja, alikuja na nini mkononi, na lini walianza kuja mikono mitupu. Simulizi hizo zipo kwa Kisandawe, lugha yenye vidoko, isiyo na uhusiano na Kibantu, na ambayo tafsiri ya Kiswahili ya papo kwa papo huipunguza. Kama Kisandawe kina neno lake kwa anayekuja na mbuzi na neno jingine kwa anayekuja bila kitu, nataka kulisikia kwa sauti yake kabla halijageuzwa kuwa mgeni.

Kwa wanafunzi waliopo, hojaji niliyoiandaa ina maswali 12, na yatatafsiriwa kwa Kisandawe, Kirangi, Kiburunge na Kigogo. Msianze kwa kuuliza nani alikufa. Anzeni kwa kuuliza watu walikwenda kuhemea wapi, walipita njia gani, na walibeba nini. Andikeni kitenzi kama kilivyotamkwa, pamoja na viambishi vyake vyote, na msimsahihishe mzee. Asipotaja mtenda, msimtajie. Wekeni alama tu mahali ambapo angeweza kutajwa, na endeleeni kusikiliza.